Nyota niliyoitangaza mstarini

Jumatatu moja ya mwezi wa saba 2022 nilisimama mstarini nikawaambia wanafunzi mia nne na kitu kwamba mwalimu wenu wa fizikia amepata nyota inayotoroka galaksi. Baridi ya Karatu mwezi wa saba anayeijua anaijua, watoto wamejikunyata ndani ya masweta na mimi jasho linanitoka mgongoni. Nilikuwa sijalala vizuri siku tatu. Kwenye kauntabuku langu kulikuwa na namba nimeizungushia duara mpaka karatasi ikatoboka, 1,138, yani kilomita 1,138 kwa sekunde. Wakapiga makofi. Mkuu wa shule akanipa mkono. Wiki mbili baadaye ikabidi nisimame pale pale niwaambie ile nyota sio.

Nimekaa na hii habari muda mrefu bila kuiandika. Naiandika sasa kwa sababu naona vijana wengi wanaanza kuzigusa hizi data za anga, ziko bure, mtu yeyote mwenye laptopu na bando anaweza kuzipata, na ningependa mtu ajue mapema kitu ambacho mimi nilikijua nimeshapigiwa makofi.

Nianze na kwa nini nyota itoroke. Kila nyota unayoiona usiku inazunguka kitovu cha galaksi yetu, hata jua letu linazunguka, kasi yake ni kama kilomita 230 mpaka 240 kwa sekunde na bado linatumia zaidi ya miaka milioni 200 kumaliza raundi moja. Galaksi inazishika nyota zake kama mama anavyomshika mtoto mkono gulioni, mtoto anavuta huku anavuta kule lakini haachiwi. Sasa kuna kasi ambayo ukiifikia mkono unaachia. Huku tulipo sisi hiyo kasi ya kuponyoka ni kama kilomita 530 mpaka 550 kwa sekunde, nyota ikizidi hapo haigeuki tena, inakwenda mpaka inatoka nje kabisa kwenye giza lililo kati ya galaksi na galaksi, na haitarudi.

Nani anaisukuma? Mwaka 1988 mwanafizikia mmoja, Jack Hills, alipiga hesabu akaonesha kwamba kama nyota mbili zinazozungukana zikisogea karibu sana na shimo jeusi kubwa, yani kitu kizito mno ambacho hata mwanga hauponyoki, shimo linaweza kuzitenganisha, moja likaibakiza inalizunguka na ile nyingine ikarushwa kwa zaidi ya kilomita elfu moja kwa sekunde. Ni kombeo lile lile la kufukuzia ndege shambani, unalizungusha alafu unaachia kamba moja, jiwe linaondoka na mzunguko wote. Ilikuwa hesabu ya kwenye karatasi tu. Miaka 17 ikapita, ndo mwaka 2005 Warren Brown na wenzake Margaret Geller, Scott Kenyon na Michael Kurtz wakiwa na darubini ya MMT kule Arizona wakaipata ya kwanza, nyota ya buluu upande wa kundinyota la Hydra, wakapima inatukimbia kwa kilomita 853 kwa sekunde. Mimi nilisoma habari hii nikiwa chuo, sikuisahau. Mtu anakaa anasema kwa hesabu, kama pale katikati kuna shimo jeusi basi lazima kuna nyota zinarushwa, na miaka 17 baadaye nyota inaonekana. Mpaka leo nikiifikiria nasisimka.

Basi tarehe 13 Juni 2022 shirika la anga la Ulaya, ESA, likatoa toleo la tatu la data za chombo chao kinaitwa Gaia. Chombo hiki kilirushwa Desemba 2013, kikakaa kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, kilikuwa kinajizungusha raundi moja kila saa sita na kupima nyota moja moja ziko wapi na zinasogea wapi. Hilo toleo lina vitu bilioni 1.8. Bilioni! Sisi tulikuwa likizo ya mwezi wa sita, nina bando la usiku, nina laptopu ya mitumba ambayo betri imekufa kwa hiyo umeme ukikatika na yenyewe inazima, na nina muda. Nikajifundisha ile lugha ya kuuliza kwenye hifadhi yao, ADQL, kwa siku kama nne, nikawa naomba data vipande vipande kila baada ya saa sita usiku.

Ili uelewe nilipokosea lazima uelewe kasi ya nyota inapatikanaje, na hapa tafadhali usiruke. Darasani nawaambia hivi: nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, funga jicho la kushoto, alafu fungua ufunge la kulia. Kidole kinaruka. Kisogeze karibu na pua, kinaruka zaidi. Ndo paralaksi hiyo, ila macho mawili ya Gaia ni dunia ikiwa upande huu wa jua na miezi sita baadaye ikiwa upande ule, nyota iliyo karibu inaruka sana na iliyo mbali inaruka kidogo, kwa hiyo ukijua imeruka kiasi gani unajua iko umbali gani. Kipimo ni mili-sekunde ya tao, ambayo ni kama kutazama sarafu kutoka umbali wa kilomita elfu tano. Kitu cha pili ni nyota yenyewe kusogea angani mwaka hadi mwaka, kukatiza. Chukua huko kukatiza, zidisha kwa umbali, zidisha kwa 4.74, unapata kasi yake ya pembeni kwa kilomita kwa sekunde. Kipimo cha tatu, kasi ya kutusogelea au kutukimbia, kinatoka kwenye spektra, yani mwanga wa nyota ukitandazwa rangi moja moja, na nyota nyingi za Gaia hazina hicho, kwenye hizo bilioni 1.8 zilizonacho ni kama milioni 33 tu.

Angalia ile hesabu tena. Umbali ni moja gawanya kwa paralaksi. Kama paralaksi ni ndogo sana, umbali unakuwa mkubwa sana, na kasi inakuwa kubwa sana. Mimi nilikuwa naijua hiyo, nafundisha kugawanya kwa namba ndogo kila mwaka.

Nikapanga orodha yangu kutoka kasi kubwa kushuka chini. Nyota ya kwanza ilikuwa inakwenda kasi kuliko mwanga. Ya pili pia. Ya tatu pia. Kurasa kwa kurasa. Alafu kuna nyingine paralaksi yake ni hasi, yani eti kidole kimeruka kinyumenyume. Nikasema hizi ni takataka, nikazifuta. Nikafuta zote za zaidi ya kilomita 3,000 kwa sekunde kwa sababu haziingii akilini. Zikabaki zenye kasi ya 600, 800, 1,100, na hizo zikanipendeza, zinafanana na zile ambazo wataalamu wameshazipata.

Hapo ndo kosa lilipo na ilinichukua muda mrefu kuliona kwa jina lake. Ugonjwa uliofanya nyota moja ipite mwanga ni ugonjwa ule ule uliofanya nyingine ifike 1,138. Mimi niliondoa uongo mkubwa nikabaki na uongo wa saizi ya kuaminika. Sikuwa nachuja data, nilikuwa nachuja majibu, natupa ninayoyakataa na kubakiza ninayoyapenda.

Na fikiria ukubwa wa ile orodha. Tuseme Gaia anakosea nyota moja tu katika kila nyota milioni moja, ambayo ni kazi nzuri mno, hakuna mtu anayekosea mara moja kwa milioni. Kwenye bilioni 1.8 hizo ni nyota 1,800 zenye makosa. Watoro wa kweli waliothibitishwa wanahesabika kwa makumi. Kwa hiyo ukichota zile za juu kabisa kwenye orodha, unachota kwenye chungu ambacho makosa yamejikusanya, yani wewe mwenyewe umeyaita.

Nyota yangu ilikuwa kwenye zile zilizobaki. Ilikatiza mili-sekunde 12 kwa mwaka, paralaksi yake 0.05, kwa hiyo umbali kiloparseki 20, ambao ni kama miaka nuru 65,000, zidisha, 1,138. Nilirudia kwa kikokotozi, nikarudia kwa mkono, nikampa mwalimu mwenzangu wa hesabu akarudia na yeye, jibu lile lile. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Jumatatu nikasimama mstarini.

Siku hiyo hiyo jioni nikamwandikia mtaalamu mmoja wa nyota nje ya nchi, simtaji hapa maana sijamwomba ruhusa, nikaeleza kwa kurasa mbili na nusu. Siku tisa kimya. Siku ya kumi likaja jibu la mistari minne, la upole, anashukuru, anapongeza, alafu anauliza: kosa la paralaksi yake ni kiasi gani?

Nikarudi kwenye faili. Haikuwepo. Nilikuwa sijaipakua. Yani kwenye hifadhi ya Gaia kila kipimo kina kolamu yake na pembeni kuna kolamu nyingine inayosema hiki kipimo kinaweza kukosea kwa kiasi gani, na mimi usiku ule wa kwanza nilipokuwa nachagua kolamu nilizitoa zote za makosa ili faili liwe dogo, bando lisiishe. Nakumbuka kabisa nilivyofikiri, kwamba hizi ni za wataalamu, mimi nataka namba zenyewe.

Nikaiomba hiyo moja tu. Ikaja 0.08.

Paralaksi 0.05, kosa 0.08. Kosa ni kubwa kuliko kipimo. Kama mtu anakwambia nyumba yake iko kilomita tano kutoka stendi lakini anaweza kuwa amekosea kwa kilomita nane, huyo hajakwambia chochote kuhusu nyumba yake. Nikakaa na kalamu. Kwanza kuna upungufu mdogo unaojulikana, paralaksi za Gaia kwa ujumla zinasoma chini kidogo, walipima kwa kutumia kwasa, yani viini ving'avu vya galaksi nyingine, ambazo ziko mbali mno kiasi kwamba zilitakiwa zisome sifuri, zikasoma chini ya sifuri kwa kama 0.017. Ongeza hiyo, 0.05 inakuwa 0.067, kasi inashuka kutoka 1,138 mpaka karibu 850, kwa sahihisho dogo kama hilo tu. Alafu chukua kosa mara mbili, jambo la kawaida kabisa, paralaksi iwe 0.21, kasi inakuwa 271. Nyota hiyo hiyo. Kutoka 1,138 mpaka 271 na Gaia hajadanganya popote, alishaniandikia pembeni, mimi ndo nikaiacha pembeni.

Na kwenye hiyo 271 bado kuna sisi wenyewe ndani yake. Ukiwa kwenye basi la Arusha unaona miti inakimbia kurudi nyuma. Jua letu linakwenda na sisi ndani yake, kwa hiyo nyota iliyotulia tu huko pembezoni mwa galaksi itaonekana inatupita kwa kasi ya mia mbili na kitu. Ukitoa mwendo wetu unaweza kukuta nyota yangu haiendi popote.

Nilikaa kwenye ngazi za maabara mpaka giza likaingia. Sikuwa na hasira na mtu.

Mkuu wa shule aliniambia, madam, achana nayo, watoto wameshasahau, kwani nani anakumbuka habari ya mstarini wiki mbili zilizopita. Alisema kwa nia njema na ninamheshimu. Lakini hawa ndo watoto ninaowakata maksi kwenye praktikali wakiandika jibu bila kuandika kiasi cha kosa. Jumatatu nikasimama. Nikawaeleza kwa kifupi, na mkono wangu ukiwa umenyooshwa na kidole gumba, na mia nne wakanyoosha vidole gumba vyao kwenye ile baridi. Hakuna aliyecheka. Baada ya mstari binti mmoja wa kidato cha pili akanifuata, shikamoo madam, marahaba, akaniuliza, kwa hiyo ile nyota siku zote ilikuwa wapi? Nikamwambia sijui, iko pale pale, sisi ndo hatujui ni wapi. Akafikiria akasema basi bado inawezekana inakimbia. Nikasema inawezekana. Akaondoka kwenda darasani, na mimi hilo neno likanirudisha kwenye laptopu.

Safari hii nilianza na kolamu za makosa. Nikaweka sharti kwamba paralaksi lazima iwe angalau mara tano ya kosa lake, yani nisiangalie kasi kabisa kwanza, nimeificha hata kolamu yenyewe. Nikaongeza sharti la RUWE, ambayo ni namba Gaia anayokupa kusema nyota hii imekubali vizuri kiasi gani kupimwa kama nyota moja, ikiwa karibu na 1 ni sawa, ikizidi 1.4 inatia shaka, mara nyingi ni nyota mbili zimebanana na yeye anadhani ni moja inayumba. Nyota zikaisha kwenye orodha kama maji kwenye mchanga. Kutoka maelfu zikabaki makumi.

Kwenye hizo makumi kulikuwa na moja imekaa juu kabisa, iko karibu, kama miaka nuru elfu tatu hivi, paralaksi safi, kasi ya pembeni kama kilomita elfu moja. Moyo ukaanza tena. Nikajizuia, nikaitafuta kwanza kwa anwani yake ya angani nione kama ina jina. Ilikuwa na jina. D6-2. Ken Shen na wenzake waliipata mwaka 2018, toleo la pili la Gaia lilitoka tarehe 25 Aprili na kabla mwezi haujaisha wao walikuwa wameshaandika, nyota tatu, vibete vyeupe vilivyorushwa, yani mabaki madogo mazito ya nyota zilizokufa. Kisa chake ni tofauti na cha Hills, hapa hakuna shimo jeusi. Ni vibete vyeupe viwili vinazungukana karibu karibu mno, kimoja kinamnyonya mwenzake mpaka kinalipuka chote, na mwenzake aliyekuwa anazunguka kwa kasi ya ajabu anajikuta hana tena wa kumzunguka, kamba imekatika, anaondoka na kasi ile ile.

Sijui nielezeje furaha ya usiku ule. Haikuwa nyota yangu, ilishapatikana miaka minne nyuma na watu wenye majina. Lakini niliipata bila kuitafuta, hapa Karatu, kwa masharti niliyoyaweka nikiwa nimefunika macho, na ilikuwa ya kweli. Nilimpigia mama Tanga saa tano usiku. Mama yangu nyota anayoijua ni Kilimia maana baba yake alikuwa anaitazama kwa ajili ya kupanda, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, kumbe ipo kweli. Nikasema ipo mama.

Zilizobaki nilizipekua moja moja. Hapa kuna kisa kimoja cha wataalamu wenyewe ambacho kila mtu anayeanza akisome. Kwenye toleo la pili la Gaia kulikuwa na nyota iliyoandikwa kasi ya zaidi ya kilomita 600 kwa sekunde kwa kipimo cha spektra, kosa lake dogo tu, kilomita mbili na nusu, yani hata mtu mwangalifu kama mimi wa baada ya kutubu angeipitisha. Douglas Boubert na wenzake wakaenda kuipima upya kwa darubini za ardhini. Ikatoka kama 56. Shida ilikuwa jirani, kuna nyota nyingine angavu zaidi sekunde chache za tao pembeni yake. Kipimo cha spektra cha Gaia hakina kitundu cha kuichungulia nyota moja peke yake, mwanga wa kila nyota unatandazwa tu kwenye sahani, na nyota zikibanana mwanga wa moja unamwagikia mwenzake. Ni kama kumrekodi mtu anayeongea taratibu huku jirani yake amefungulia spika, alafu uandike kwamba mtu huyu alikuwa anaimba. Kosa dogo lililoandikwa pembeni halikukuokoa, kwa sababu kosa lile linahesabu mtetemo wa kipimo na halijui kwamba umempima mtu mwingine.

Kwa hiyo nikaanza kutazama picha. Hii ndo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote sasa. Unachukua anwani ya nyota, unaifungua kwenye ramani ya anga ya Aladin ambayo iko bure, unakuza, unaangalia jirani zake. Zangu nyingi zilikuwa upande wa Nge na Mshale, kwenye uelekeo wa kitovu cha galaksi ambapo nyota zimesongamana kama nafaka kwenye gunia. Nikikuza nakuta kinachoitwa nyota moja ni mbili, au iko kwenye miale ya nyota kubwa. Naandika kwenye kauntabuku: jirani. Jirani. Jirani. RUWE. Jirani. Ukurasa mzima. Mwanzo niliona kama nahesabu hasara, baadaye nikaanza kuona ninaifahamu anga kwa namna ambayo sikuwahi kuifahamu.

Mwaka 2019 kulikuwa na ile kubwa kuliko zote, S5-HVS1. Timu iliyoipata haikuwa hata inatafuta watoro, walikuwa wanatafuta mabaki ya galaksi ndogo zilizoliwa na yetu, kwa darubini ya Anglo-Australian kule Australia, Sergey Koposov akaiona kwenye spektra imesimama peke yake, inatukimbia kwa kilomita zaidi ya elfu moja. Kasi yake yote ukiijumlisha ni kilomita 1,755 kwa sekunde. Dar mpaka Mwanza kwa barabara haifiki hiyo, yani ni chini ya sekunde moja. Walipoirudisha njia yake nyuma kwa hesabu iliangukia moja kwa moja kwenye kitovu, kwenye Sagittarius A*, lile shimo jeusi lenye uzito wa jua milioni nne, na wakapata kwamba ilirushwa miaka milioni 4.8 iliyopita. Hills alikuwa sahihi.

Huwa nawapeleka wanafunzi Ngorongoro kwa ziara na kwenye makumbusho ya Olduvai tunazungumzia zile nyayo za Laetoli, za viumbe waliopita wakitembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Hapo nawaambia, wakati hawa wanapita hapa, ile nyota ilikuwa imeshakimbia zaidi ya miaka milioni moja. Inakimbia mpaka sasa hivi tunavyoongea. Na ukiitazama angani kwa macho ya kawaida, mbali na kwamba huioni kwa udogo wa mwanga wake, hata ungeiona usingeamini, inakatiza mili-sekunde 35 hivi kwa mwaka, kusogea upana wa mwezi mpevu tu itatumia zaidi ya miaka elfu hamsini. Kasi ile yote na bado imetulia kama imepigiliwa msumari. Hiyo ndo inafanya kazi yetu iwe ngumu, na inafanya kosa dogo liwe na nguvu kuliko nyota.

Wanafunzi wangu sasa tunafanya na picha. Kuna mradi wa watu wa kujitolea unaitwa Backyard Worlds, unapewa picha za darubini ya anga ya WISE za miaka tofauti zinazopishana, unatafuta kinukta kinachosogea. Watu wa kawaida wa mradi huo ndo waliogundua nyota ndogo J1249+36, ikatangazwa Juni 2024, iko miaka nuru kama 400 tu kutoka hapa na inakwenda kama kilomita 600 kwa sekunde, Adam Burgasser na wenzake wakaithibitisha kwa darubini ya Keck. Niliposoma nilifurahi na kidogo nikaumia, maana ni karibu hivyo, na ni watu kama sisi. Jumamosi tunakaa kwenye chumba cha kompyuta, kompyuta sita zinazofanya kazi, watoto wanne wanne, na sheria yangu ni moja: ukiona kinasogea, kabla hujaniita niambie ni kitu gani kingine kinaweza kuwa. Mwale wa nyota jirani. Kivuli cha kwenye lenzi. Picha mbovu. Wanabishana mpaka sauti zinafika ofisini. Yule binti wa kidato cha pili sasa ni mkubwa na ndo mkali kuliko wote, anawaangushia nyota zao bila huruma, alafu anakaa anawasaidia kutafuta nyingine.

Mwezi wa kwanza na wa pili usiku, kama hakuna mawingu, tunatoka uwanjani tunatazama kusini. Wingu Kubwa la Magellan linaonekana chini chini juu ya miti, kama moshi mdogo uliosahaulika. Ni galaksi nyingine ndogo jirani yetu. Mwaka 2025 Jesse Han na wenzake walizifuatilia nyota 21 kati ya zile zilizopatikana na akina Brown, wakakuta karibu nusu hazitoki kwenye kitovu chetu, zinatoka kule, na kwa hiyo kule nako lazima kuna shimo jeusi, wamekadiria uzito wa jua kama laki sita. Shimo ambalo halijaonekana, limejulikana kwa mawe liliyoyarusha. Nawaonesha watoto kwa tochi ya laser, wananyamaza.

Gaia yenyewe imeshazimwa, tarehe 27 Machi 2025, gesi ya kuigeuzia ilikuwa inaisha. Lakini data haijaisha kutoka, ESA walitangaza toleo la nne ni Desemba 2026, miezi 66 ya vipimo badala ya 34 ya toleo la tatu. Namba ya utambulisho ya nyota yangu bado iko kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, pale palipotoboka. Nimeshapiga hesabu, kosa lake la 0.08 litashuka labda mpaka 0.06, na hiyo haitoshi kuihukumu, itabaki haijulikani. Nitaiomba hata hivyo, yeye na kolamu yake ya makosa.